Mguu usiosikia mwiba una hatari

WAHENGA walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hii tumeizoea tangu utotoni, na aghalabu hutumiwa kumkanya kijana mkaidi. Lakini leo, msomaji mpendwa, hebu tuigeuze kidogo. Je, mambo huwaje ikiwa asiyesikia si kijana bali ni guu lenyewe?

Kiswahili kina hekima yake katika jambo hili. Hatusemi tu kwamba sikio husikia sauti. Tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia harufu, tunasikia maumivu. Ni kana kwamba waliotuachia lugha hii walitambua kuwa mwili mzima ni sikio, na kwamba kila kinachoutukia ni habari inayopelekwa mahali fulani ili isikizwe na kujibiwa. Wataalamu wa afya wanatueleza mambo hayo hayo kwa maneno mengine. Kinachougusa mwili wanakiita kichocheo, na anayebeba habari wanamwita neva, au mshipa wa fahamu. Habari hiyo hupelekwa kwenye uti wa mgongo na ubongo, na jibu huja kwa msuli.

Mjumbe huyu akinyamaza, mwenye mwili yumo hatarini. Na hatari hiyo, kama tutakavyoona, imo katika nyumba nyingi zetu.

Mwiba katika shamba la mahindi

Tuchukue mfano wa Turbo, mji ulio yapata kilomita 35 kutoka Eldoret kwenye barabara kuu iendayo Webuye na Malaba. Huku ni nchi ya mahindi. Ni asubuhi ya mwezi wa Mei, mahindi yamefika magotini, na mama mmoja anapalilia akiwa amevaa champali. Mara anakanyaga mwiba.

Kabla hajasema "Uwi!", mguu wa kulia umekwisha kuinuka. Mguu wa kushoto nao umejikaza ili ubebe uzito wote asianguke. Hakuna aliyeuamuru. Mama mwenyewe hakupata hata nafasi ya kufikiri. Ni nani basi aliyetoa amri?

Chini ya ngozi ya wayo kuna ncha nyingi za neva ambazo kazi yake ni kungojea madhara. Mwiba unapopenya, ncha hizo hushtuka na kupeleka ishara ya umeme hafifu. Umeme huu si kama ule wa nguzo za barabarani. Hutokana na chembe za sodiamu na potasiamu zinazoingia na kutoka katika utando wa neva, na mshtuko husambaa kama watu waliojipanga mstari wakipokezana ndoo ya maji. Neva moja inapokoma, haishikani na ya pili. Kuna mwanya mdogo mno kati yao, na habari huvushwa mwanya huo kwa kemikali.

Ishara hupanda mguuni hadi kwenye uti wa mgongo, na hapo ndipo penye siri. Uti wa mgongo haungojei ubongo. Ni kama mzee wa kijiji anayeona nyumba ikiungua. Hawezi kuandika barua Nairobi akingoja ruhusa ya kuzima moto. Huwaita watu papo hapo, kisha baadaye hutuma ripoti kwa wakubwa. Vivyo hivyo uti wa mgongo huiamuru misuli ya paja ivute mguu, huku nakala ya habari ikipanda ubongoni. Ubongo unapoipata, ndipo mama anapotambua kuwa amechomwa. Mguu umeshaondoka zamani.

Wajumbe wenye mwendo tofauti

Hapo kale watu walidhani kwamba habari za neva husafiri kwa kasi isiyoweza kupimwa kamwe. Mnamo mwaka wa 1850 mtaalamu wa Ujerumani, Hermann von Helmholtz, aliipima kwa kutumia neva ya mguu wa chura, na akaonyesha kuwa ina mwendo wake kama kitu kingine chochote.

Leo tunajua kwamba neva si za aina moja. Zile nene zinazopeleka amri kwa misuli huweza kufikia mita 100 kwa sekunde. Zinazoleta maumivu makali ya kwanza huenda baina ya mita 5 na 30 kwa sekunde. Na kuna nyingine nyembamba mno, zinazobeba maumivu ya kuwaka na kutonesha, ambazo hutembea mita moja hivi kwa sekunde, mwendo wa mtu anayerudi kutoka sokoni bila haraka.

Bila shaka wewe mwenyewe umewahi kuyashuhudia haya. Ukijikwaa kidole cha mguu kwenye kizingiti, kwanza husikia pigo moja kali. Kisha huja kimya kifupi ambapo unajua kabisa kuwa kibaya chaja. Halafu maumivu yenyewe yanawasili, mazito, yakienea mguu mzima. Wale walikuwa wajumbe wawili waliotumwa pamoja, mmoja akapanda bodaboda na mwingine akaja kwa miguu.

Na kwa nini mama humsugua mtoto mahali alipoumia? Hii si njia ya kumbembeleza tu. Neva za mguso huenda kasi kuliko zile za maumivu, na zote hupitia katika uti wa mgongo. Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza mwaka 1965 kwamba hapo pana kitu mfano wa lango, na habari za mguso zikija kwa wingi huweza kulifunga kwa kiasi fulani ili maumivu yasipite yote. Mama zetu walilijua lango hilo kabla halijapewa jina.

Pilipili na maji ya moto

Ngozi ina walinzi wa namna nyingi. Kuna wa mguso mwepesi, wa kubonyezwa, wa mtikisiko, wa baridi, wa joto na wa maumivu. Aidha, hawakugawanywa sawasawa. Jaribu jambo hili nyumbani pamoja na watoto. Shika njiti mbili za kiberiti, zikiwa zimeachana kwa milimita 4 hivi. Mwambie mwenzako afumbe macho, kisha mguse kwa pamoja kwenye ncha ya kidole. Atakwambia ni njiti mbili. Mguse vivyo hivyo mgongoni, naye ataapa kuwa ni moja. Mgongoni walinzi ni wachache, na kila mmoja ana eneo kubwa la kulinda.

Mlinzi wa joto kali ana kisa cha kuchekesha. Mwaka 1997 David Julius na wenzake huko Marekani walikuwa wakichunguza kwa nini pilipili huwasha. Wakagundua kwamba kuna mlango katika neva unaofunguliwa na kile kiini kikali cha pilipili, na kwamba mlango huo huo hufunguliwa na joto lipitalo nyuzi 43 hivi. Kwa hivyo anayesema pilipili "imemuunguza" hajakosea. Neva yake haiwezi kutofautisha pilipili na moto. Julius alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian, mzaliwa wa Lebanon, aliyegundua milango inayoitikia kubonyezwa.

Nyuzi 43 si joto la kutisha. Maji ya kuoga yaliyochemshwa kwenye jiko na kumiminwa kwenye beseni hupita hapo kwa urahisi. Mtu mwenye afya hutia kidole, hushtuka, na kuongeza maji baridi. Tafadhali likumbuke beseni hilo, maana tutalirudia.

Mguu kwenye breki

Si kila jibu hutolewa na uti wa mgongo. Mengine ni lazima yapitie ubongoni, na hayo huchukua muda zaidi.

Barabara inayopita Turbo ndiyo ile ya malori yatokayo Mombasa kwenda Uganda na kwingineko. Malori hupita usiku na mchana, nao watu huvuka kwenda sokoni, shuleni na kwenye magari. Dereva anapomwona mtoto akiingia barabarani, jicho hupeleka picha ubongoni, ubongo huitambua, hupima, huamua, kisha hutuma amri mguuni. Mguu nao huacha mafuta na kutafuta breki. Kwa dereva aliye macho, yote hayo huchukua kama sekunde moja na nusu. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Maana yake, litakuwa limesogea mita 33 kabla breki hazijaguswa, na hapo bado halijaanza kupunguza mwendo. Usingizi, pombe na simu hurefusha muda huo. Basi mfundishe mtoto wako kwamba dereva kumwona si sawa na gari kusimama.

Mwenye kutaka kupima wepesi wake aombe mtu amshikie rula wima, yeye akiweka vidole wazi penye sufuri bila kuigusa. Rula ikiachiliwa ghafla, aidake. Akiidaka penye sentimita 20, ametumia sehemu moja ya tano ya sekunde. Na huyo alikuwa ameketi akingojea, hana jambo jingine la kumshughulisha.

Mjumbe anaponyamaza

Sasa turudi kwa mwiba wetu. Tuseme mama yule aliukanyaga, na mguu haukuinuka. Hakusema "Uwi!" Aliendelea kupalilia hadi saa sita, akarudi nyumbani, na jioni mjukuu wake ndiye aliyemuuliza, "Nyanya, mbona champali yako ina damu?"

Watu wa magharibi ya Kenya waliuona msiba wa namna hiyo zamani kupitia ukoma. Huko Alupe, karibu na mpaka wa Busia, kulikuwa na hospitali mashuhuri ya wagonjwa hao. Wengi waliamini kwamba ukoma hula vidole. Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi miaka mingi huko Vellore nchini India, alionyesha kwamba sivyo. Ugonjwa huua neva, kisha mtu hujiumiza mwenyewe bila kujua. Hushika sufuria ya moto, hutembea na jiwe ndani ya kiatu, hufungua kufuli kwa nguvu hadi nyama ikachanika. Brand alisimulia kwamba baadhi ya wagonjwa walipoteza vidole usiku, na uchunguzi ulipofanywa ikabainika kuwa panya walikuwa wakivitafuna wenyewe wakiwa usingizini. Mojawapo ya dawa ikawa kuwapa paka. Baada ya kazi hiyo yote, Brand alifikia kuyaita maumivu zawadi.

Leo ukoma unatibika kwa vidonge, na ni nadra. Lakini nafasi yake imechukuliwa na ugonjwa mwingine ambao haumtengi mtu na jamii yake, na kwa sababu hiyo hauogopwi ipasavyo. Nao ni kisukari.

Sukari inapozidi katika damu kwa miaka, huharibu mishipa midogo ya damu inayolisha neva, na neva zenyewe pia. Neva ndefu ndizo huumia kwanza, na iliyo ndefu kuliko zote ni ile inayotoka sehemu ya chini ya mgongo hadi vidole vya mguu, karibu mita nzima. Ndiyo maana maradhi haya huanzia vidoleni, hupanda wayo, kisha kifundo, mpaka mtu ahisi kama amevaa soksi ilhali hajavaa. Hadi nusu ya wenye kisukari hupatwa na hali hii baadaye maishani.

Kisukari si mkosaji pekee. Pombe nyingi kwa miaka huharibu neva. Virusi vya Ukimwi vyaweza kuziharibu. Wako wengi wanaokumbuka dawa iliyoitwa stavudini, iliyookoa maisha ya watu wengi mwanzoni mwa miaka ya 2000 lakini ikawaacha baadhi yao na nyayo zinazowaka moto. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 nchi ziiache hatua kwa hatua, na dawa bora zikachukua mahali pake. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, nayo huweza kudhuru neva, na ndiyo sababu hutolewa pamoja na kidonge cha vitamini B6. Kidonge hicho kidogo si cha kumalizia hesabu. Ukipewa, kimeze.

Tahadhari na nafuu ya uongo

Hapa, msomaji, ndipo penye mtego mkubwa. Neva zinapoanza kuumia, mara nyingi hulalamika. Mtu husikia miguu ikichoma kama iliyopakwa pilipili, au sindano zikimdunga, hasa usiku. Shuka tu likigusa mguu ni taabu. Wengine hununua dawa za maumivu dukani, na wengine hudhani wamerogwa.

Kisha siku moja maumivu hupungua. Mgonjwa humshukuru Mungu na kusema amepona. Kumbe huenda aliyekuwa akipiga kelele amekufa. Maumivu yakiondoka na mguu ukabaki na ganzi, hiyo si nafuu. Mlango umebaki bila bawabu.

Kupima ni rahisi. Hebu jenga picha ya mzee aliyeketi kwenye benchi la kliniki, viatu amevivua. Muuguzi ana uzi mmoja wa nailoni uliotengenezwa ujikunje unapobonyeza kwa nguvu ya gramu 10.

"Mzee, fumba macho. Ukisikia nimekugusa, sema ndiyo."

"Sawa, daktari."

Muuguzi anagusa kidole gumba. Anagusa chini ya wayo. Anagusa upande wa pili. Kimya. Mzee anangoja kwa subira, halafu anauliza:

"Utaanza lini, daktari?"

"Nimeshamaliza, mzee."

Kipimo hicho hakichukui hata dakika tano, na hakina maumivu yoyote. Wakazi wa Turbo wanaijua huduma ya kufuatwa hadi mlangoni. Mpango wa AMPATH, ulioanzishwa mwaka 2001 na Chuo Kikuu cha Moi na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret wakishirikiana na vyuo vikuu vya Amerika Kaskazini vikiongozwa na Indiana, ulianza kwa ajili ya Ukimwi, ukapima watu nyumba hadi nyumba, kisha ukaendelea hadi kwenye shinikizo la damu na kisukari. Turbo ilikuwa miongoni mwa sehemu ulikofanya kazi. Lakini hakuna mpango utakaokuja kukutazama nyayo kila usiku. Kazi hiyo ni ya nyumbani.

La kufanya nyumbani

Neva iliyokufa ni vigumu kuifufua. Hata hivyo, mguu waweza kuokolewa, na nyingi za ajali zinazosababisha kukatwa miguu huanza na kidonda kidogo ambacho hakuna aliyekiona. Ikiwa miguu haisikii, basi macho na yasikie badala yake. Kwa mwenye kisukari, au yeyote mwenye ganzi miguuni:

Tazama nyayo zako kila jioni, hata katikati ya vidole. Ukishindwa kuinama, tumia kioo, au mwite mjukuu mwenye macho makali. Mtoto atajiona ana kazi ya maana.

Usitembee bila viatu, hata ndani ya nyumba. Kabla ya kuvaa gambuti za shambani, zigeuze uzikung'ute. Kijiwe kimoja, msumari au punje ya mahindi yatosha kufanya kidonda.

Maji ya beseni yapimwe kwa kiwiko, au na mtu mwingine. Mguu usiyapime kamwe. Hali kadhalika, katika baridi ya Julai usiote moto kwa kusogeza miguu jikoni. Vaa soksi nzito.

Osha miguu kila siku, ikaushe vizuri hasa baina ya vidole, na upake mafuta juu na chini, lakini si katikati ya vidole. Kata kucha moja kwa moja bila kuingia pembeni. Usijikate sugu kwa wembe.

Nunua viatu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, visije vikabana.

Kidonda, lengelenge au wekundu wowote upelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama hakiumi. Tena hasa kama hakiumi.

Na zaidi ya yote, sukari itunzwe. Dawa zimezwe kama zilivyoandikwa, hata siku ambazo mtu anajisikia mzima. Asiyejua hali yake na apimwe, hususan akiwa na kiu isiyoisha, akikojoa mara kwa mara, au akiwa na ndugu wa damu mwenye ugonjwa huo.

Sisi hukasirishwa na maumivu. Tunayalaani, tunayatafutia vidonge, tunatamani yasingekuwapo. Lakini yule mama wa shamba la mahindi, aliyeruka na kupiga ukelele kwa ajili ya mwiba, alibahatika kuliko anavyojua. Alitoa mwiba, akasugua wayo, akanung'unika kidogo, akashika jembe. Kesho yake alikuwa amesahau.

Basi leo usiku, kabla taa haijazimwa, mwombe mzee wako avue soksi. Gusa kidole chake polepole, macho yake yakiwa yamefumbwa, na umuulize kama anasikia. Akisema ndiyo, mshukuruni Mungu. Akinyamaza, msingoje mwezi uishe. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.